Je, Mbegha alikuwa mtu wa kweli, au ni Prometheus wa Usambara?

*"Mimi ni Msambaa niliyezaliwa Tanga mjini, na sasa naishi Dar es Salaam. Marehemu babu alikuwa akitusimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyeingia Usambara na mbwa wake akaishia kuwa mfalme. Binti yangu ana miaka kumi na moja. Amesoma habari za Prometheus wa Wagiriki aliyeiba moto, na Maui wa visiwa vya Pasifiki amemwona kwenye katuni. Nilipomsimulia Mbegha akaniambia, 'Baba, mbona ni hadithi ile ile?' Nikalipeleka swali lake kwenye kundi la ukoo, na hapo ndipo nilipozua balaa. Mmoja akasema hadithi zote za namna hii zilitoka Ugiriki na Misri, sisi tumenakili. Mzee mmoja akasema Mbegha alikuwa mtu kabisa, na anayebisha anawatukana waliolala Vugha, mji wa wafalme wetu wa kale. Mwingine akasema tuachane na ushirikina. Tena kila mtu anaisimulia kivyake: kwa babu jambo kubwa lilikuwa nguruwe mwitu, kwa mjomba ni simba. Nimwambie nini mtoto, na toleo sahihi ni lipi?"*

Ndugu yangu, binti yako ana jicho zuri. Ameona kitu ambacho wataalamu wa fasihi simulizi wamebishania kwa zaidi ya miaka mia, na amekiona peke yake akiwa na miaka kumi na moja. Usimnyamazishe. Ila ameona nusu tu ya jambo, na hiyo nusu ya pili ni kazi yako wewe kumwonyesha.

Nianze na aliyesema tumenakili, maana dai hilo ndilo linaloumiza bila sababu. Duniani kote kuna masimulizi ya mtu wa kale aliyewaletea wenzake kitu ambacho maisha yao yanakitegemea: moto, mbegu, mifugo, chuma, sheria, ufalme. Tumwite shujaa mwasisi. Si sawa na shujaa wa vita, kama Lwanda Magere wa Wajaluo au Fumo Liyongo wa pwani yetu, ambao tunawakumbuka kwa nguvu zao na kwa namna walivyosalitiwa. Shujaa mwasisi anakumbukwa kwa sababu baada yake watu hawaishi tena walivyokuwa wakiishi kabla yake. Waganda wana Kintu, ambaye mkewe Nambi alishuka naye kutoka kwa baba yake Ggulu akiwa na mgomba, ulezi, kuku na mbuzi. Wanyarwanda wana Gihanga, anayehesabiwa kuwa mwanzo wa ufalme wao na wa mambo mengi ya maisha yao. Wahaida na Watlingit wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika wana Kunguru aliyeiba mwanga. Ukitaka kudai kwamba wote hawa walinakili kwa Mgiriki, lazima uonyeshe njia hadithi ilikopitia. Kwa Watlingit na Wagiriki wa kale, njia hiyo hakuna aliyewahi kuionyesha.

Hadithi husafiri, hilo ni kweli. Maui anajulikana Hawaii, Tonga, Samoa na Nyuzilandi kwa sababu mababu wa watu hao walikuwa mabaharia wa ukoo mmoja wa lugha, na walimbeba kutoka kisiwa hadi kisiwa. Hapo kuna lugha zinazofanana, kuna majina yanayofanana, na kuna safari zinazojulikana. Mahali ambapo ushahidi wa namna hiyo haupo, kufanana kuna chanzo cha karibu zaidi: binadamu wote wanapika, wanakula, wanatawaliwa, wanakufa. Watoto wao wote huuliza mambo haya yalianzaje. Tena msimulizi anayetegemea kumbukumbu yake, bila maandishi, hushika vizuri kilicho kikali na cha ajabu, kama mtoto aliyezaliwa na dalili mbaya, mgeni aliyetokea porini, au mnyama aliyeuawa usiku. Mambo laini husahaulika. Baada ya vizazi kadhaa, hadithi zilizobaki ni zile zenye mifupa migumu, na mifupa ya namna hiyo si mingi.

Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell alidai kwamba mashujaa wa dunia yote hupita njia moja: wanaitwa, wanaondoka kwao, wanajaribiwa, wanarudi nyumbani na zawadi. Wazo hilo limependwa sana, hasa na watunzi wa filamu, na pengine limemfikia binti yako kupitia katuni hizo hizo. Watafiti wa masimulizi wamelipokea kwa mashaka, nami niko upande wao. Lipime kwa Mbegha tu. Mbegha anaondoka kwao na harudi kabisa. Zawadi yake anawapa wageni. Ukimkunja aenee kwenye njia ya Campbell, unakuwa umekitupa kile hasa ambacho Wasambaa walitaka kukisema.

Basi tuitazame hadithi yenyewe. Naifuata kwa jumla kama ilivyo katika Habari za Wakilindi (Wakilindi ni ukoo wa kifalme unaotokana na Mbegha), kitabu cha Kiswahili cha Abdallah bin Hemedi, kilichochapwa kwenye misheni ya Magila kwa sehemu sehemu kuanzia miaka ya 1890. Mbegha alizaliwa milima ya Nguu, na alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza. Zamani jamii nyingi za huku ziliona hiyo ni nuksi, na mtoto wa namna hiyo aliweza kuuawa. (Mweleze binti yako waziwazi kwamba meno ya juu kutangulia hayana madhara yoyote.) Mbegha aliachwa hai, lakini wazazi wake walipofariki ndugu zake walimnyima urithi kwa sababu hiyo hiyo. Akaondoka na mbwa na mikuki yake, akawa anawinda nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu. Akafika Kilindi, akapendwa, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa mahali pale. Siku moja kijana huyo akafa mawindoni. Mbegha akaogopa lawama, akakimbia, akaishi porini hadi akapanda milima ya Usambara. Wasambaa waliuona moshi wake kabla hawajamwona mwenyewe. Walipomwendea aliwapa nyama, nao wakamletea vyakula vya shambani. Akawaondolea nguruwe, akaamua kesi zao, watu wa Bumbuli wakampa mke. Watu wa Vugha waliposikia habari zake wakamwita. Usiku akaua simba, na kuanzia hapo wafalme wa Usambara wakaitwa Simba Mwene.

Sasa mweke Prometheus karibu naye. Kila mtu anamjua kwa moto alioficha ndani ya bua, akawapelekea watu, Zeus, mfalme wa miungu, akamfunga mwambani tai akawa anamla ini. Lakini kwa Hesiodo, mshairi wa Kigiriki wa karibu mwaka 700 kabla ya Kristo, ugomvi haukuanza na moto. Ulianza na nyama. Prometheus aligawa ng'ombe mafungu mawili: nyama nzuri akaificha ndani ya tumbo la ng'ombe, mifupa akaipamba kwa mafuta yanayong'aa, kisha akamwambia Zeus achague. Zeus akachukua mifupa. Kwa hasira akawanyima watu moto, na ndipo Prometheus alipouiba. Wagiriki walipochinja sadaka, miungu walichomewa mifupa na mafuta, nyama wakala watu, na hadithi hii ilikuwa ikieleza kwa nini. Inaeleza pia kwa nini watu hawakai tena meza moja na miungu, na kwa nini wanahenyeka kutafuta riziki.

Kwa hiyo wote wawili, Prometheus na Mbegha, ni wagawaji wa nyama. Binti yako angesema, "Si nilikuambia!" Lakini tazama kila mgao unafanya nini. Prometheus anagawa kwa hila, na mgao wake unawatenga watu na miungu moja kwa moja. Mbegha anagawa waziwazi, na mgao wake unaunganisha pande mbili ambazo hazikuwa na neno kati yao: mtu wa nyika mwenye nyama tele asiye na ugali, na wakulima wa mlimani wenye vyakula vya shamba ambao nguruwe wanawamaliza. Kila upande una kile ambacho mwenzake hana. Steven Feierman, mwanahistoria aliyekusanya matoleo mengi ya simulizi hili Usambara na kuchapisha utafiti wake mwaka 1974, alionyesha kwamba ukinzani wa nyama na chakula cha shamba, wa nyika na mlima, wa pori na kijiji, ndio uti wa mgongo wa hadithi nzima. Mbegha anaanza akiwa mtu wa pori kabisa, anayelala na mbwa, na hatua kwa hatua anaingizwa kijijini mpaka anakuwa kichwa cha nchi.

Kwa nini Wasambaa wajivunie mfalme wa namna hiyo, mgeni tena kigego? Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo ningependa uliongee na binti yako. Fikiria nchi yenye koo nyingi, kila ukoo na bonde lake na wazee wake. Koo mbili zikigombana, nani ataamua? Mzee wa ukoo wowote ana ndugu upande mmoja. Mtu asiye na ndugu hata mmoja pale anaweza kuaminiwa na wote. Alinyimwa urithi kwao, hana shamba la kulipigania, hana mjomba wa kumpendelea. Kile kilichokuwa nuksi yake Nguu kinakuwa sifa yake Vugha. Kisha akioa kutoka koo mbalimbali, watoto wake wanakuwa wapwa wa nchi nzima. Mwanawe Buge, aliyemrithi, wajomba zake walikuwa watu wa Bumbuli. Ni hesabu ya kisiasa iliyopangwa vizuri sana, na imehifadhiwa ndani ya hadithi ya mtu na mbwa wake.

Wasambaa hawakuwa peke yao kuiona hesabu hiyo. Waluba wa Kongo wanasimulia juu ya Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni aliyetoka mashariki akiwa na adabu za kifalme zisizojulikana pale, na mwanawe Kalala Ilunga akauondoa utawala wa Nkongolo. Mwindaji mgeni anayeanzisha ufalme ni sura inayoonekana katika nchi nyingi za ukanda huu. Kama kuna mahali ambapo ningekubali kwamba watu wameazimana kipande cha hadithi, ni huku kwetu, kati ya majirani na majirani wa majirani, kabla sijaanza kutafuta Ugiriki.

Tuje kwa mzee wa ukoo wenu. Anastahili jibu la heshima, na kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Ufalme wa Wakilindi ulikuwepo. Mmisionari Krapf alifika Vugha mwaka 1848 akamkuta Kimweri ye Nyumbai kwenye kiti, naye Kimweri alitawala mpaka karibu mwaka 1862. Kutoka Kimweri kurudi kwa Mbegha ni vizazi vichache tu, na wanahistoria huuweka mwanzo wa utawala huo katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Utawala hauanzi wenyewe, kwa hiyo kuna mtu au watu walioanzisha. Feierman aliuhusisha mwanzo huo na wakati ambapo Usambara ilikuwa imeingiwa na wageni wafugaji, Wambugu, na taratibu za kale za koo zikashindwa kubeba mambo mapya. Mahali na wakati kama huo, mwamuzi kutoka nje akipata nafasi hakuna la ajabu.

Lakini mtu kuwepo ni jambo moja, na kila tukio la hadithi kuwa lilitokea vile vile ni jingine. Masimulizi ya mdomo yana tabia inayojulikana: hukumbuka vizuri mwanzo, hukumbuka vizuri siku za karibuni, na katikati hujikunja. Matendo ya watu kadhaa huweza kukusanywa chini ya jina la mmoja, yule wa kwanza. Mambo ambayo pengine yalichukua miaka arobaini hupangwa kama safari ya mtu mmoja. Wala si uongo. Ndivyo historia isiyoandikwa inavyobebeka kichwani. Kwa hiyo ukiniuliza kama Mbegha aliishi, nasema naamini yupo mtu nyuma ya jina hilo. Ukiniuliza kama aliua simba usiku ule, nasema simba yule ana kazi yake kwenye hadithi hata kama hakuwahi kunguruma. Anampa mfalme jina lake.

Hapo utaona pia kwa nini babu yako alikaa sana kwenye nguruwe na mjomba wako kwenye simba. Usitafute nani kakosea. Simba ni habari ya kiti cha enzi: cheo, ukali, haki ya kutawala. Nguruwe ni habari ya shamba: mtu huyu alitusaidia nini sisi wakulima? Wasambaa walikuwa na usemi wao kuhusu watawala. Mfalme mzuri anaiponya nchi, kuzifya shi, na kwake mvua inanyesha na chakula kinapatikana. Mfalme mbaya anaiharibu, kubana shi. Msimulizi anayeanza na nguruwe anawakumbusha wakubwa kwamba walikubaliwa kwa sababu ya faida waliyoleta, na msimulizi anayeanza na simba anawakumbusha raia kwamba mkubwa ni mkubwa. Ningependa kujua babu yako alikuwa wa ukoo gani. Pengine toleo lake linasema jambo kuhusu ukoo huo na Wakilindi ambalo hakuna aliyewahi kulisema waziwazi mezani kwenu.

Toleo sahihi moja, basi, halipo, na hata kitabu cha Abdallah bin Hemedi si hakimu wa matoleo mengine. Ni toleo la thamani kubwa, la mtu aliyeishi Usambara na kuwafahamu Wakilindi wenyewe, lakini bado ni toleo lenye upande wake. Likitofautiana na la babu yako, usiende kulifuta la babu.

Kuhusu ushirikina nitakuwa mfupi. Abdallah bin Hemedi alikuwa Mwislamu, na Magila ilikuwa misheni ya Kikristo. Mwislamu aliandika, Wakristo wakachapa, na hakuna upande ulioona kwamba kusimulia habari za Mbegha ni kumwabudu. Kama kuna matambiko yanayofanywa makaburini na familia yako haitaki kushiriki, huo ni uamuzi wenu wa imani na mnastahili kuheshimiwa. Kumsimulia mtoto habari za waliomtangulia ni jambo jingine kabisa.

Kwa binti yako, basi, usianze na kumwambia kwamba hadithi hizi si sawa. Mwambie ameona vizuri, kisha mpe kazi. Amwulize kila shujaa maswali matatu: kitu alicholeta alikipata kwa nani, kwa njia gani, na nani alilipa gharama. Prometheus aliiba, akalipa yeye, na watu wakaletewa Pandora na mtungi wake wa balaa. Maui wa Wamaori wa Nyuzilandi alimhadaa bibi yake Mahuika, mwenye moto kwenye kucha, akawa anamwomba ukucha mmoja mmoja na kuuzima, hadi bibi akagundua na kuiwasha nchi nzima. Moto uliosalia ukajificha ndani ya miti, ndiyo maana ukipekecha kijiti unatoka. Kintu alikatazwa kurudi nyuma, lakini ulezi wa kuku ulikuwa umesahaulika, na kwa kuurudia wakafuatwa na Walumbe, ambaye ni Mauti. Mbegha hakuiba kwa mtu, ila alikuwa ameshalipa kabla hajaleta chochote: kwao, urithi, na rafiki yake wa Kilindi. Akimaliza maswali hayo ataona mwenyewe kwamba kila watu wana hofu yao na fahari yao. Usimpe jibu mapema.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukusaidia. Kama ndani ya kundi la ukoo mjadala huu umegusa nani ni Mkilindi na nani si Mkilindi, au nani ana haki ya shamba au eneo la makaburi, acheni kubishana kwenye simu. Hadithi ya Mbegha haitoi hati ya ardhi, na utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963. Mambo ya ukoo yaende kwa wazee wakiwa wamekaa pamoja, na ya ardhi yaende baraza la ardhi. Ukitaka kulinganisha matoleo kwa undani, nenda Nyaraka za Taifa au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, uzungumze na mtu ana kwa ana.

Zaidi ya yote, kama bado kuna shangazi au mzee anayeijua hadithi hii huko Bumbuli, Soni, Lushoto au Korogwe, nenda naye binti, tena msikawie. Mwombe ruhusa ya kurekodi. Mwache asimulie kwa Kisambaa, hata kama binti haelewi yote, maana nyimbo na majina ya mahali hupotea kwanza pindi simulizi linapohamishiwa Kiswahili. Usimkatishe ukisikia tofauti na ya babu, na usimtajie Prometheus. Mwulize tu yeye aliisikia kwa nani, na wakati gani watu walikuwa wakiisimulia. Andika jina lake, ukoo wake, kijiji na tarehe, na mwachie nakala moja yeye mwenyewe kabla hujaituma kwenye kundi.